Mshipa wa panjani: upasuaji wa moyamoya hauzibui kitu

Kila baada ya muda ujumbe ule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp, picha ikibadilika na maneno yakibaki yaleyale: mtoto wa miaka saba au tisa mwenye siko seli, amepata kiharusi mara ya pili, mishipa ya ubongo imeziba, anatakiwa India akazibuliwe, changia kwa namba ifuatayo. Watu huchangia, na wanafanya vyema. Siku hizi umeongezeka ujumbe mwingine, wa matumaini: hospitali zetu kubwa zimeanza kupata maabara za angio, yaani za kupiga picha ya mishipa ya damu, kama ile ya MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, mabingwa wa upasuaji wa ubongo wanaongezeka, basi muda si mrefu watoto hawa watazibuliwa hapahapa. Jumbe zote mbili zimesimama juu ya neno moja lisilo sahihi. Upasuaji wanaofanyiwa watoto hawa hauzibui mshipa wowote. Unapanda chanzo kipya cha damu juu ya ubongo, kisha unasubiri miezi kadhaa kiote mizizi. Na kwa sababu ni wa kusubiri, matokeo yake huamuliwa zaidi na vilivyoko kabla na baada ya kisu: kipimo cha spidi ya damu kichwani, damu salama kila mwezi, daktari wa usingizi anayejua kwa nini mtoto huyu hatakiwi kulia. Tukiendelea kuuliza ni lini tutampata daktari wa kuzibua, tutajenga ghorofa ya pili na ya kwanza haipo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa moyamoya. Takeuchi na Shimizu waliueleza Japani mwaka 1957, na jina likaja mwaka 1969 kutoka kwa Suzuki na Takaku, kwa neno la Kijapani linalotumika kwa kitu kilichofunikwa na ukungu. Ili kuuelewa, anzia shingoni. Damu ya sehemu kubwa ya ubongo hupanda kwa ateri mbili za karotidi, kulia na kushoto. Kila moja hugawanyika shingoni: tawi la nje hulisha uso na ngozi ya kichwa, tawi la ndani hupenya fuvu na kulisha ubongo. Moyamoya huchagua tawi la ndani, pale juu kabisa linapokaribia kugawanyika tena. Ukuta wa ateri hunenepa kwa ndani polepole, tundu likawa jembamba mwaka hadi mwaka. Ubongo wenye njaa huita vimishipa vidogo vya chini yake vije kusaidia, navyo ndivyo vinavyoonekana kwenye picha ya angio kama moshi wa sigara unaopaa. Tawi la nje, lile la ngozi ya kichwa, hubaki zima. Upasuaji wote umejengwa juu ya bahati hiyo.

Dalili zake hudanganya. Mtoto anapuliza uji wa moto, au anapuliza puto, au amelia kwa kwikwi baada ya kuchapwa. Kijiko kinamponyoka, mkono umelegea, maneno yanakwama mdomoni. Dakika kumi baadaye anacheza kama kawaida. Kilichotokea ni kwamba alipumua kwa kasi, akaitoa kabonidioksaidi kwa wingi, na hewa hiyo ikipungua kwenye damu mishipa ya ubongo husinyaa. Kwa mtoto mwingine hilo si neno. Kwa huyu, ambaye mishipa yake ilikwisha kutanuka hadi kikomo ili ubongo upate riziki, msinyao huo mdogo unatosha kuzima eneo zima kwa muda. Nyumbani huitwa deko au mashetani, na kliniki yenye foleni ndefu inaweza kuandika kifafa. Ni kiharusi cha kupita, na kinachopita leo ni taarifa ya kile kitakachokaa.

Japani na Korea wengi wanaougua hawana ugonjwa mwingine. Kwetu sababu ya kulizungumza jambo hili ni siko seli, au selimundu kwa Kiswahili cha vitabuni. Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na Kongo na Uganda mzigo wao ni mzito vilevile. Seli zilizopinda hukwaruza ukuta wa ateri palepale karotidi inapogawanyika ndani ya fuvu, na chembe nyekundu zinazopasuka huongeza madhara. Hesabu za Marekani za mwaka 1998, kabla kinga haijaenea, zilionyesha kwamba takribani asilimia 11 ya wenye aina kali ya siko seli walipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Siyo wote hao wana moyamoya, lakini ndimo wanamotoka. Watoto waliozaliwa na hali ya Down, wenye nyurofibromatosisi ya aina ya kwanza (ugonjwa wa kurithi wa uvimbe kwenye neva) na waliochomwa mionzi kichwani nao huwamo, kwa idadi ndogo zaidi.

Mtu atauliza, na ni swali la haki: moyo unazibuliwa kwa puto na kichuma cha kutanua mshipa pale JKCI, taasisi ya moyo ya Upanga, ubongo una nini? Jibu ni kwamba mshipa wa moyo wa mzee umejaa mafuta yaliyoganda, yanayoweza kusukumwa pembeni. Ateri ya moyamoya haina uchafu ndani; ni ukuta wenyewe ulionenepa na kusinyaa, tena mahali ambapo vitawi vidogo visivyo na mbadala vinachomoza. Kuna walioweka puto na vichuma humo. Mshipa hufunga tena, mara nyingi ndani ya miezi, na njiani kuna hatari ya kuuchana. Kwa hiyo anayeahidi kuzibua ama hajaelewa ugonjwa, ama amerahisisha maneno ili familia ielewe. Kurahisisha huko kuna gharama yake, maana aliyeambiwa amezibuliwa haoni kwa nini aendelee kwenda kuongezewa damu.

Kinachofanyika hasa ni hiki. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha kipandishe kuelekea panjani. Utausikia mshipa ukidunda. Ni mtoto wa karotidi ya nje, na ndio utakaotumika. Daktari huufuata kwa kifaa kidogo cha Doppler, kinachosikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, na kuuchora kwa kalamu juu ya ngozi, kisha huchana ngozi akitumia hadubini, juu ya mstari uleule. Kwa mtoto mshipa una unene wa kama milimita moja na uko milimita chache tu chini, kwa hiyo mkono ukizidi kidogo umeukata kabla kazi haijaanza. Huuachanisha na nyama iliyo chini yake pamoja na ukanda mwembamba wa tishu kila upande, urefu wa sentimita saba hadi kumi, bila kuukata upande wowote: damu inaendelea kupita ndani yake muda wote. Msuli wa panja hupasuliwa na kuvutwa pembeni, fuvu hutobolewa matundu mawili, pale mshipa utakapoingilia na pale utakapotokea, na kifuniko cha mfupa huondolewa. Utando mgumu wa ubongo hukatwa vipande kama petali, kwa kukwepa mishipa yake ambayo huenda imeshaanza kuusaidia ubongo yenyewe. Chini yake kuna utando mwembamba mno, unaong'aa kama wavu wa buibui uliolowa. Huo nao lazima ufunguliwe, na ufunguliwe kwa upana. Hapo ndipo mshipa hulazwa juu ya ubongo na kushikizwa kwa mishono michache ya naironi namba 10-0, uzi mwembamba kuliko unywele, ukuta wa mshipa ukishonwa na ngozi ya mwisho ya ubongo. Utando mgumu haufungwi tena. Kifuniko cha mfupa hurudishwa, matundu yakiwa yamepanuliwa ili mshipa usinyongwe, na ngozi hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Uzi huo una sababu yake: kutoa nyuzi humliza mtoto, na kilio, tumeshaona, hufunga mishipa.

Mtindo huu uliendelezwa na Dkt. R. Michael Scott wa Boston Children's Hospital juu ya msingi uliochapishwa na Matsushima wa Tokyo mwaka 1981. Upo upasuaji mwingine, wa kuunganisha mshipa wa ngozi na ateri ya ubongo moja kwa moja, tundu kwa tundu, uliofanywa kwanza na Yaşargil mwaka 1967. Huo huleta damu siku ileile, lakini hudai ateri ya ubongo ibanwe kwa muda ili ishonwe, na kwa mtoto mdogo ateri hiyo inaweza kuwa chini ya milimita moja. Watu wazima hunufaika nao zaidi. Watoto wana jambo moja ambalo watu wazima wamelipoteza: ubongo wao wenye njaa hutoa kemikali za kuita mishipa mipya kwa nguvu, na mshipa uliolazwa juu yake huitika kwa kuchipua. Kuchipua huchukua takribani miezi mitatu hadi sita kuonekana, na picha ya kuhakikisha hupigwa karibu na mwaka.

Boston walichapisha mwaka 2004 matokeo ya watoto 143. Ndani ya siku 30 baada ya upasuaji zilitokea kiharusi 11, sawa na asilimia 7.7. Katika 126 waliofuatiliwa zaidi ya mwaka mmoja, waliopata kiharusi baadaye ni wanne tu. Wengi huzisoma namba hizi kama sifa ya mkono wa daktari, na ni sifa kweli. Mimi naona ndani yake jambo lingine: hatari imejikusanya katika mwezi wa kwanza, wakati mshipa mpya haujatoa hata chipukizi moja. Mwezi huo hauendeshwi na mpasuaji. Unaendeshwa na wauguzi, dripu, dawa ya maumivu na benki ya damu. Ni haki pia kusema kwamba hakuna utafiti uliowagawa watoto kwa bahati nasibu, hawa wapasuliwe na wale wasipasuliwe. Ushahidi ni wa kufuatilia wagonjwa na kulinganisha na yale yanayojulikana kuwapata wasiofanyiwa kitu, ambayo ni mabaya kiasi kwamba wachache wangekubali kuwaacha nusu ya watoto bila tiba.

Yanayoharibika yana sababu zinazojulikana. Mshipa ukikaushwa na taa au ukiguswa na moto wa kuzuia damu husinyaa na huenda usifunguke. Utando wa buibui ukiachwa bila kufunguliwa vizuri, mshipa unalala juu ya ukuta na hakuna kinachoota. Picha ya mwaka itaonyesha upasuaji safi usio na faida. Tundu la mfupa likiwa dogo huubana. Aspirini, ambayo watoto hawa huitumia ili damu isigande, huongeza uwezekano wa damu kuvuja na kujikusanya chini ya fuvu, lakini kuiacha kwa muda mrefu ni kubaya zaidi. Kosa kubwa kuliko yote hufanywa kwenye mashine ya kupumulia. Mazoea ya upasuaji wa ubongo ni kumpumulisha mgonjwa kwa kasi ili ubongo unywee na mpasuaji apate nafasi. Kwa mtoto wa moyamoya mazoea hayo huleta kiharusi mezani. Kabonidioksaidi inatakiwa ibaki kati ya milimita 35 na 45 za zebaki, presha isishuke chini ya ile aliyokuja nayo, mwili usipoe. Usiku wa kuamkia upasuaji mtoto huwekewa dripu, mara nyingi mara moja na nusu ya maji anayohitaji kwa kawaida. Kumfungisha tangu saa mbili usiku bila dripu, kisha zamu yake ikasogezwa hadi alasiri, ni kumtengenezea kiharusi kwa ratiba.

Akiwa na siko seli huongezeka sharti lingine. Kabla ya kisu, hemoglobini yenye ugonjwa hushushwa hadi asilimia 30 au chini, kwa kuongezewa damu au kwa kutolewa kiasi na kurudishiwa nyingine. Hapo wapo wanaodhani wingi wa damu ni heri, wakaipandisha hemoglobini hadi 12 au 13. Damu ya siko seli ikizidi uzito hupita kwa shida. Lengo ni karibu na gramu 10 kwa desilita. Na baada ya kisu damu haikomi. Mtoto wa kilo 20 anahitaji mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila wiki tatu au nne. Zidisha: ni lita mbili na nusu hadi tano hivi kwa mwaka kwa mtoto mmoja, damu iliyopimwa maambukizi na, inapowezekana, iliyolinganishwa zaidi ya makundi ya A, B na O ili mwili usitengeneze kingamwili za kuikataa. Kufikia mwaka hivi, chuma kimejaa kwenye ini na dawa ya kukitoa inahitajika. Utafiti wa pili wa STOP, wa kuzuia kiharusi kwa watoto wa siko seli, wa mwaka 2005, ulionyesha kinachotokea kwa kuacha damu hata mtoto asiyewahi kupata kiharusi: kati ya 41 walioachishwa, 14 spidi yao ya damu kichwani ilirudi kwenye hatari na wawili walipata kiharusi.

Ndiyo maana wapo wanaosema upasuaji huu kwetu ni anasa. Hoja yao ina uzito. Utafiti wa STOP wa mwaka 1998 ulithibitisha kwamba kumpima mtoto kwa Doppler na kumwongezea damu akiwa hatarini hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa wale tusioweza kuwapa damu kila mwezi, ipo haidroksiurea, kidonge cha kunywa. Utafiti wa REACH, uliotolewa mwaka 2019 kutoka Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kwamba watoto wetu wanaweza kuitumia kwa usalama na wakanufaika, na hospitali ya Bugando, Mwanza, wameitumia kwa watoto wenye spidi iliyopanda. Shilingi iliyotumika hapo huokoa ubongo mwingi kuliko shilingi ya chumba cha upasuaji. Hilo sibishani nalo.

Ila hoja hiyo huishia pale mshipa unapokuwa umekwisha kusinyaa. TWiTCH, utafiti unaotajwa sana kuonyesha kwamba haidroksiurea inaweza kuchukua nafasi ya damu, uliwatoa tangu mwanzo watoto wenye mishipa iliyoharibika sana. Na katika SWiTCH, uliohusu waliokwisha kupata kiharusi, upande wa haidroksiurea ulipata kiharusi saba. Upande wa damu, sifuri. Wengine huendelea kupata kiharusi hata wakiwa kwenye damu. Ndiyo sababu mwongozo wa chama cha madaktari wa damu wa Marekani wa mwaka 2020 unashauri mtoto wa siko seli mwenye moyamoya na kiharusi afikiriwe upasuaji pamoja na damu. Pamoja, si badala yake. Kinga ya wengi haiwi jibu kwa mtoto ambaye mkono unalegea kila akipuliza uji.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya kusubiri tiba ya jeni. Desemba 2023 Marekani iliruhusu mbili kwa siko seli, moja kwa bei ya dola milioni 2.2 na nyingine milioni 3.1. Hata bei ingekuwa ya panadoli, hoja isingesimama. Tiba hizo, kama upandikizaji wa uloto ulioanza pale hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hubadilisha damu itakayotengenezwa kesho. Ukuta wa ateri ulionenepa kwa miaka sita hauambiwi kwamba damu imebadilika. Dawa za maandalizi nazo ni kali, na ubongo usio na akiba ya damu huzivumilia vibaya.

Kinachobaki ni mpangilio, na mpangilio unaanzia panjani hapohapo. Kipimo cha Doppler hupitia sehemu ile nyembamba ya mfupa mbele ya sikio, kwa kifaa cha megahezi 2, nusu saa hivi, mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni salama. 170 hadi 199 ni ya kufuatilia kwa karibu. 200 na kuendelea ni hatari. Mtoto awe macho na ametulia, kwani akilia au akisinzia namba hubadilika, na kipimo kilichofanywa mtoto ana homa au ametoka tu kuongezewa damu hakiaminiki. Upo mtego mmoja ambao humnasa fundi mgeni karibu kila mara: mshipa ukikaribia kuziba kabisa, spidi hushuka au mwangwi hupotea. Karatasi itasomeka 90 na mzazi atapongezwa, kumbe huyo ndiye wa kupelekwa MRI ya mishipa wiki hiyohiyo. Mashine bila mtu aliyefundishwa hilo itatuletea takwimu nzuri na watoto waliopooza.

Kliniki za siko seli zikipima namna hiyo, idadi ya wanaohitaji kisu itajulikana, itakuwa ndogo kuliko tunavyohofia, na watafika kabla ya kiharusi cha pili. Hapo kituo kimoja au viwili kwa ukanda mzima vitatosha. Vifaa vyake si vya ajabu: hadubini, drili ya fuvu, Doppler ya mkononi, uzi wa 10-0. Timu moja ikifanya wengi itakuwa salama kuliko hospitali kumi zinazofanya mmoja mmoja kwa ajili ya picha ya gazeti.

Wakati huo haujafika, na michango itaendelea. Basi bajeti yake isiishie kwenye tiketi na kitanda. Mtoto asafiri na MRI ya mishipa, kiwango cha hemoglobini ya ugonjwa na orodha ya kingamwili za damu kama anazo. Familia iulize ni upande gani unaanza, na kama pande zote mbili zinahitaji, zitafanywa siku moja au watarudi. Fedha ya picha ya mwaka itengwe kabla ya safari, na barua ya kuruhusiwa iwe na tarehe ya kuongezewa damu inayofuata, ambayo mara nyingi itaangukia wiki ya kwanza akiwa nyumbani. Akifika, apewe maji ya kutosha, asiachwe na homa bila kuonwa, na kwa miezi ya mwanzo kilemba, kofia au miwani ya kubana isimkae panjani, maana chini ya ngozi hiyo ndipo mshipa unapoingilia fuvu.